UZI: Kupiga picha kasa na samaki, bwawa la Mnarani Nungwi na mabwawa ya mwambani

Mpiga_Kasa
Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni wa picha za viumbe vya bahari ambavyo mtu anaweza kuviona bila kuzamia. Nianze na bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa sababu maswali yanayoulizwa kila mara ni yale yale: picha imejaa weupe juu ya maji, kasa katoka kama jiwe jeusi, rangi yote imekuwa kijani.

Bwawa lile limo ndani ya mwamba wa matumbawe karibu na mnara wa taa, na wanakijiji wanaliendesha tangu 1993. Maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, kupitia mwambani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamera gani, uliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame.

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana kuliko siku nyingine, linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili baadaye. Siku hizo Unguja maji hujaa kiasi cha saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Ikifika mwezi 8 au mwezi 22 mambo yamegeuka: maji mafu, na kujaa kumeangukia kiasi cha saa 4 asubuhi.

Mnarani unataka vitu viwili kwa pamoja: maji yamepanda, na jua liko pembeni, halijafika utosini. Chaguo langu ni mwezi 7 hadi 9, au 21 hadi 23, kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi.

Bin_Mwamba
Wa alaykum salaam. Nakubali hesabu, ila chaguo silikubali lote. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo maji yanayoingia bwawani nayo ni machache. Kasa wakishachimbua chini, ukungu unakaa. Siku za bamvua maji mengi mapya yanaingia. Mimi ningesema mwezi 15 hadi 17, saa 9 hadi saa 10 na nusu alasiri. Jua liko magharibi, maji yako juu, na rangi ya mwanga ni nzuri kuliko ya asubuhi.

Kitu kimoja cha kuongeza kwenye zile dakika 50: huo ni wastani tu. Karibu na bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo, kama dakika 40 kwa siku. Karibu na maji mafu huchelewa hata zaidi ya saa nzima. Mwenye safari ya mbali asitegemee hesabu ya kichwani, aangalie jedwali la maji. Na tarehe ya mwezi kwenye kalenda inaweza kupishana kwa siku moja na mwezi wenyewe ulivyo angani; bahari haifuati kalenda.

Mpiga_Kasa
Hoja ya maji mapya ni ya kweli, ndugu yangu. Tugawane basi: anayetaka picha ya juu ya maji, yaani kichwa kinatoka kuvuta pumzi, aende asubuhi ya maji mafu kwa sababu uso wa maji umetulia. Anayetaka mwili mzima chini ya maji afuate alasiri ya bamvua. Siku ya kuepuka ni mwezi 11 hadi 13 au 26 hadi 28, kwani kujaa kunaangukia mchana wa saa 6 na saa 7. Jua likiwa utosini, linachora mistari ya mwanga inayocheza juu ya gamba, na hakuna filta inayoiondoa. Ubaya huo unazidi mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua linapopita juu yetu moja kwa moja.

Dada_Lenzi
Tuje kwenye weupe, maana ndio unaoharibu picha nyingi kuliko yote. Ule ni mwanga wa mbingu unaoakisiwa na uso wa maji. Dawa yake ni filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha kinachozuia mwanga ulioakisiwa, lakini watu wengi wanaifunga kwenye lenzi halafu hawaizungushi, au wanapiga wakiwa wameinama wima juu ya maji. Hapo filta haina kazi.

Polaraiza inafanya kazi vizuri zaidi lenzi inapoelekea kwenye maji kwa mwinamo wa digrii 37 kutoka usawa wa maji. Hakuna haja ya kipimo. Jicho lako likiwa mita 1.5 juu ya maji, lenga kasa aliye mita 2 mbele ya miguu yako. Ukichutama jicho likawa mita moja juu, lenga mita 1.3 mbele. Kisha zungusha pete ya filta taratibu huku ukitazama kwenye kamera, mpaka chini ya bwawa patokee. Ukigeuza kamera kutoka picha ya kulala kwenda picha ya kusimama, zungusha tena, kwa sababu filta nayo imegeuka robo duara na weupe umerudi.

Filta inakula mwanga, stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Maji yenyewe yanakula kiasi cha stopu moja. Hesabu ya jua kali: bila filta na bila maji, f/8 (tundu la lenzi) na 1/400 ya sekunde kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inatosha. Ondoa stopu 3, unabaki na f/8, 1/400, ISO 800. Anzia hapo, usianzie ISO 100 ukashangaa picha imetikisika.

Kuhusu kasa kutoka kama jiwe jeusi: nyuma yake kukiwa na mchanga mweupe unaong'aa, kamera inadhani mwanga umezidi na inapunguza. Ongeza +0.7 kwenye fidia ya mwanga ya kamera. Nyuma yake kukiwa na maji ya kijani kizito, inafanya kinyume, gamba lililolowa linaungua kuwa jeupe. Hapo shusha −0.3 au −0.7. Kasa yule yule, hatua mbili kulia, kipimo kimeshabadilika.

Kijana_wa_Paje
Dada, na sisi wa simu? Simu haina pa kufunga filta.

Dada_Lenzi
Miwani ya jua ya polaraiza, kaka. Shika kioo kimoja cha miwani mbele ya lenzi, kigusane nayo, zungusha miwani mpaka weupe upungue. Kujua kama miwani ni ya polaraiza kweli au ni kioo cheusi tu: tazama kupitia humo skrini ya kikokotoo cha mkononi, kisha zungusha. Ikifika mahali skrini inazimika kuwa nyeusi, ni yenyewe.

Halafu:
– Usitumie lenzi pana ya simu. Inakuza ukingo wa bwawa na kumfanya kasa kuwa kidoa. Tumia ya kawaida au ile ya mara 2.
– Bonyeza juu ya kasa na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga kidogo. Usipoifunga, simu itakimbilia kufokasi majani na mapovu yanayoelea juu.
– Zima fleshi kabla hujaingia, na uhakikishe kuwa imezimwa kabisa, isiwe kwenye hali ya kujiwasha yenyewe. Fleshi ikipiga maji inarudi kwako kama doa jeupe, picha haipati kitu, na mnyama anasumbuliwa bure.

Mpiga_Kasa
Picha ya kasa anayevuta pumzi, kwa wanaoitaka. Kichwa kinakaa nje sekunde moja au mbili tu, kwa hiyo anayesubiri kukiona ndipo abonyeze atapata viwimbi. Mtazame angali chini. Anapokaribia kupanda, anainua shingo, mwili unakaa kwa mwinamo, mapezi ya mbele yanapunguza mapigo. Fokasi iwe tayari pale anapoelekea, weka upigaji wa mfululizo, 1/1000, na anza kupiga pua inapokaribia uso wa maji. Kati ya picha 8 au 10 moja itakuwa na matone yanayodondoka na jicho liko wazi. Kwa picha hii ondoa polaraiza. Unahitaji kasi ya shata kuliko unavyohitaji kuona chini.

Lala chini kadiri ukingo unavyoruhusu, lenzi iwe karibu usawa wa maji. Picha iliyopigwa kutoka urefu wa mtu aliyesimama inaonyesha kisogo. Na kamba ya kamera iwe shingoni, si mkononi.

Bi_Pwani
Naomba kuongeza la utambuzi, kwa kuwa watu wanaandika "kasa" chini ya kila picha na kumbe humo mna aina mbili. Wazee wetu walishawatenganisha: kuna kasa na kuna ng'amba.

Tazameni kichwa kwa mbele, kati ya macho. Kasa wa kawaida, yule mla majani ya bahari na mwani, ana jozi moja ya magamba marefu hapo. Ng'amba ana jozi mbili. Mdomo wa ng'amba umechongoka kama wa mwewe, kwa sababu anachokoa sifongo kwenye nyufa za matumbawe. Wa kasa ni mfupi, wa mviringo. Magamba ya mgongoni ya ng'amba yamepandiana kama vigae vya paa, na nyuma kingo zake zina meno. Ya kasa yamepangwa ubavu kwa ubavu, hayapandiani.

Basi picha yenye faida ni ya kichwa kwa ubavuni, lenzi ikiwa sawasawa na jicho. Mpangilio wa magamba ya shavu, nyuma ya jicho, hautofautiani tu baina ya kasa na kasa. Hata shavu la kushoto na la kulia la kasa mmoja hayafanani. Watafiti wanawatambua kasa mmoja mmoja kwa njia hiyo bila kumfunga alama. Kwa hiyo pigeni pande zote mbili na mwandike tarehe na upande. Nafurahi sana nikiona mtu kapiga shavu mbili badala ya selfi ishirini.

Na tafadhali wale wa kisiwa cha Changuu ni kobe, si kasa. Ni wa nchi kavu, asili yao Seychelles. Hawahusiki na uzi huu.

Kijana_wa_Paje
Ahsante bibi. Nimeona picha mitandaoni watu wamemnyanyua kasa mdogo mkononi ili apigwe vizuri. Inaruhusiwa?

Bi_Pwani
Hapana mwanangu. Kasa aliyenyanyuliwa anapiga mapezi. Akiponyoka anaangukia mwamba. Mikono ya mgeni ina mafuta ya jua na dawa ya mbu, na yote yanabaki kwake na kwenye maji. Bwawa si bahari, kinachoingia hakiondoki kwa wimbi moja. Kasa wote wanalindwa kisheria, na biashara ya gamba la ng'amba imepigwa marufuku kimataifa. Kama wahudumu wanakupa mwani umlishe, mpe ule uliopewa, tena kwa kuuachia juu ya maji. Mkate na biskuti visiingie humo. Mahali ambapo wageni huruhusiwa kushuka kuogelea pamoja na kasa, mimi nashauri ubaki juu. Picha inayopatikana humo ni ya miguu ya watu na mchanga uliotibuliwa.

Bin_Mwamba
Sasa mabwawa ya mwambani, ambayo kwangu ni bora kuliko bwawa lolote la kuchimbwa au kujengwa. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe: mwezi 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji yanapwa asubuhi kiasi cha saa 4 hadi saa 5 na uwanda wote unabaki wazi. Toka saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa, ufuate maji yanavyorudi.

Rudi mapema. Bamvua letu linaweza kukaribia mita 4. Tuchukue mita 3.6: saa ya kwanza baada ya kugeuka maji yanapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Anayesema "bado yako vifundoni" katika saa ya kwanza ndiye anayekutwa na maji ya kifua katika saa ya tatu, tena nyuma yake kuna mkondo uliokuwa mkavu alipopita. Maji yakianza tu kugeuka, uso uelekee pwani.

Viatu vya mpira vyenye soli ngumu, visiwe kandambili. Wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye mashimo na miiba hupenya soli laini. Usitie mkono chini ya jiwe usiloliona. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, yumo humo, na wapo samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe lenyewe. Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe.

Picha: kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota), jongoo bahari, kaa, kauri, visamaki vilivyonaswa. Usimtoe kiti cha pweza nje ya maji kwa ajili ya rangi yake. Anapumua kwa maji. Kinga bwawa dhidi ya upepo kwa mwili wako, subiri dakika 2 maji yatulie, weka mwavuli mweusi au kanga ya rangi ya kiza upande wa mbingu inayoakisiwa. Kivuli hicho kinaondoa weupe hata pale polaraiza inaposhindwa, yaani unapopiga wima kutoka juu. Kwa vitu vidogo, f/11, 1/200, lenzi ya makro, na fokasi ya mkono: sogeza kiwiliwili mbele na nyuma badala ya kuzungusha pete.

Mkikuta kina mama kwenye mashamba ya mwani, salamu kwanza na ruhusa kwanza, kamera baadaye. Na msivuke kamba zao.

Chake_Bahari
Sisi wa Pemba tuna kisiwa cha Misali. Kuanzia 1998 ni hifadhi, na matumbawe yanaanza hatua chache kutoka ufukweni, kwa hiyo unahitaji miwani ya kuogelea na simu ndani ya mfuko wa plastiki tu.

Mfuko ujaribiwe nyumbani: tia tishu kavu badala ya simu, funga, uzamishe kwenye beseni kwa nusu saa na jiwe juu yake. Tishu ikitoka na unyevu hata kidogo, tupa mfuko. Usitegemee maelezo ya kiwandani kwamba simu haiingii maji; majaribio yale ni ya maji yasiyo na chumvi, na chumvi inakula tundu la chaja. Ndani ya maji kidole hakifanyi kazi kwenye skrini, kwa hiyo weka kamera ifunguke na upigie kwa kitufe cha sauti. Kupitia kioo bapa cha mfuko, kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja, na kipo mbali zaidi kuliko unavyodhani. Sogea mpaka uone umezidi, ndipo upige. Maji yakizidi baina yako na samaki kama kitatange, ukungu unazidi na wekundu unapungua. Mita 5 chini, wekundu umekwisha karibu wote.

Kasa wanataga Misali. Usiku hakuna taa nyeupe ufukweni wala fleshi. Vifaranga hufuata upande wenye mwanga, na taa yako inawapeleka nchi kavu badala ya baharini.

Mama_Safari
Na kwenye matangi ya kioo? Wengi wetu tunakwenda Dubai, na lile tangi la kule, ndani ya jengo la maduka, lina lita milioni 10. Picha zinatoka na taa za maduka badala ya papa.

Fundi_Kioo
Da, kioo kina sheria zake. Kwanza nguo. Kanzu nyeupe inaakisiwa kwenye kioo na inakaa katikati ya picha. Baibui jeusi ndilo vazi bora la kazi hii. Aliyevaa nyeupe asimame nyuma ya aliyevaa nyeusi.

Pili, lenzi iguse kioo. Kuna kofia ya lenzi ya mpira laini, inakunjika na haikwaruzi. Ikiwa hakuna, zungushia skafu nyeusi kati ya lenzi na kioo. Mwanga wa pembeni ukizibwa hakuna cha kuakisi, na polaraiza haihitajiki. Iache, itakula mwanga bure.

Tatu, lenga wima kwa kioo. Matangi makubwa yana akriliki nene, na ukipiga kwa mshazari samaki anapata kingo za rangi na sura iliyovutika. Kwenye njia ya chini kwa chini yenye dari la duara, sehemu ya kupigia ni ile iliyo mbele ya lenzi yako moja kwa moja.

Mipangilio: f/2.8 au pana kadiri lenzi inavyokwenda, 1/200, ISO 3200. Samaki mwepesi mfuate kwa kugeuka pamoja naye. Picha ikiwa na mistari ya kiza iliyolala, ni taa: umeme wa kule, kama wetu, ni hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shuka mpaka 1/100 au 1/50, au acha shata ya kielektroniki utumie ya mitambo. Yavuyavu kwenye tangi la kiza: shusha −1, la sivyo kamera itang'arisha weusi na yavuyavu atapoteza nyuzi zake zote.

Kabla ya kubonyeza, futa kioo alama za vidole vya watoto kwa kitambaa kikavu. Hili linasahauliwa sana na hakuna programu inayolitengeneza vizuri baadaye.

Kijana_wa_Paje
La mwisho: kamera inatoka kwenye gari lenye kiyoyozi, nikifika Nungwi lenzi inakuwa kama imepuliziwa mvuke.

Fundi_Kioo
Ni unyevu wa pwani unaoganda kwenye kioo baridi. Usifute, utapaka. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto, au zima kiyoyozi mkifika Mkokotoni. Wa daladala 116 hana tatizo hili. Baada ya kazi, kitambaa kilicholoweshwa maji ya kunywa na kukamuliwa kipite juu ya bodi na kioo cha filta, kisha kikavu. Chumvi ikifutwa kavu inakwaruza kama msasa. Kipindi cha kusi, upepo unapovuma sana, usibadilishe lenzi ukingoni. Ibadilishe ndani ya gari au ndani ya mkoba.

Dada_Lenzi
Na ile rangi ya kijani aliyoitaja Mpiga_Kasa mwanzoni, isibaki bila jibu. Piga faili ghafi (RAW). Kadi ya kijivu, ile ya kupimia rangi, itie kwenye mfuko wa plastiki, ifunge kamba, omba ruhusa kwa wahudumu, ishushe nusu mita, piga picha moja, itoe. Nyumbani chukua kipimo cha rangi kwenye kadi na ukipake kwa picha zote za saa ile. Bila kadi, sogeza rangi kuelekea zambarau kidogo kidogo mpaka ngozi nyeupe ya shingo ya kasa iache kuwa kijani. Simama hapo, ukizidisha, maji yanakuwa ya waridi. Maji yakishuka nusu mita bwawani rangi imebadilika, piga kadi upya.